Mke Wangu wa Kwenye Simu

Kwa anayejiunga nasi leo, nitasema yaliyopita kwa mkato ili asije akatukatiza katikati ya utamu. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Nina mke mmoja. Nilisafiri kwenda kusahihisha mitihani ya taifa, nikashikwa na homa kali huko huko, nikalazwa, nikapona, nikarudi nyumbani.

Nikamkuta mwanamke mwenye sura ya mke wangu, mwendo wa mke wangu na ufunguo wa mke wangu. Lakini siye.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi nilivyolitaja jambo hili darasani, kama mfano tu, na jinsi Mwalimu Mkuu alivyonipa likizo ambayo sikuiomba. Niliishia pale dada yangu mkubwa alipoweka begi lake sebuleni akasema habanduki mpaka kieleweke.

Mhariri wa gazeti hili ananiambia wasomaji mmegawanyika. Wapo wanaotaka niombewe. Wapo wanaotaka namba ya simu ya huyo mwanamke. Wote nawashukuru.

Jambo moja kabla sijaendelea. Msimulizi asiyeaminika ni somo langu, nimelifundisha tangu baadhi yenu hamjazaliwa. Dalili zake nazijua zote. Hujitetea kabla hajashitakiwa. Huapa bila kuombwa kiapo. Hupenda kuwaambia wasomaji kwamba yeye ni mzima.

Mimi ni mzima, haki ya Mungu. Tuendelee.

Dada alinikalisha kwenye kochi akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Dada ana duka la vifaa vya ujenzi, na huzungumza na watu kama anavyozungumza na wapakiaji wa saruji.

"Nitazame. Mimi ni nani?"

"Dada."

"Dada yupi?"

"Ninaye mmoja tu, Mungu ashukuriwe."

"Na huyu?"

Akamnyooshea kidole yule mwanamke, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Huyo ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Hilo ndilo swali, Dada."

Naomba ieleweke kwamba sikuwahi kumwita tapeli wala mwizi. Nilimwita Mgeni, na nikamtendea kama mgeni. Nilimwachia chumba cha kulala, nikahamia kwenye kochi, maana mwanamume mwenye ndoa yake hawezi kulala chumba kimoja na mwanamke asiye wake. Shingo ilikuwa inaniuma vibaya. Niliyavumilia maumivu hayo kwa ajili ya mke wangu.

"Ushahidi wako ni upi?" Dada akauliza.

"Hanigombezi."

"Nini?"

"Mke wangu ana mdomo, Dada, wewe unamjua. Nikiacha taulo kitandani, habari za taulo nitazisikia mpaka wiki iishe. Huyu analiokota kimya kimya, analitundika, halafu ananitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike."

Mgeni akageuka, akarudi jikoni. Dada akamtazama akiondoka, kisha akanirudia mimi.

"Amekuwa mpole kwa sababu anaogopa."

"Umeona? Mke wangu haogopi kitu."

Dada akashika kichwa.

Nikamweleza pia habari ya macho. Mke wangu ni mpima macho, ana kibanda chake ndani ya duka la miwani. Siku ile ya kwanza nilipomwambia Mgeni kwamba namheshimu lakini simjui, hakubisha wala hakupiga kelele. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye duka lile lile, akanikalisha kwenye kiti kile kile, akaniwashia ubao wa herufi. Nilisoma mistari yote mpaka ule wa chini kabisa, ule wenye herufi kama sisimizi.

"Macho yako mazima," akasema. Halafu akaanza kulia.

Sijui ni kwa nini mtu alilie habari njema. Nililolitia akilini ni kwamba kazi yenyewe ameijua barabara. Aliyemfundisha amefanya kazi kubwa.

(Wanafunzi wangu mtakaosoma hapa mtaanza kutafuta ishara kwenye miwani. Acheni. Mtu lazima afanye kazi fulani.)

"Sasa nisikilize," Dada akasema. "Hii hadithi ya mke kubadilishwa si ndiyo iliyo kwenye kile kitabu chako cha shule?"

Nilijua tutafika hapo. Ni kweli, riwaya tunayoifundisha inasimuliwa na karani wa mizani, mtu anayepima malori barabarani, ambaye asubuhi moja anaamini mkewe ameondolewa na mwingine amewekwa mahali pake. Mimi ndiye niliyeiandikia mwongozo, na mwongozo huo unauzwa mpaka leo. Nimeeleza humo kwamba ugonjwa wa karani usichukuliwe kama ugonjwa. Ni ishara. Mizani ni haki iliyopinda. Mke ni nchi iliyobadilishiwa wenyewe huku sura ikiachwa ile ile. Karani ni raia, anayeonekana kichaa kwa sababu peke yake ndiye aliyegundua.

Watahiniwa wengi wamefaulu kwa maneno hayo.

"Kwa hiyo umeambukizwa na kitabu," Dada akasema.

"Kitabu hakiambukizi, Dada. Kingekuwa kinaambukiza, darasa zima lingeumwa. Na usichanganye mambo. Ya karani ni ishara. Yangu ni kweli."

Hapo simu yangu ikalia. Mabishano yalikuwa yametufikisha mchana, hata chakula tumeshakula, na kila mchana hunipigia mtu mmoja tu. Moyo ukanipiga kama kijana.

"Ni nani?" Dada akauliza.

"Mke wangu."

Dada akatazama simu, akatazama jikoni. Jikoni palikuwa kimya kama maji ya mtungi, kwa kuwa Mgeni alikuwa ameshaondoka kwenda kazini kwa mlango wa nyuma.

Nikapokea.

"Umekula?" mke wangu akauliza.

"Nimekula. Mgeni aliniachia chakula."

"Kilikuwa kitamu?"

"Kitamu. Ila hakifikii chako."

"Afadhali," akasema, na nikamsikia akivuta pumzi. "Dada amefika?"

"Amefika. Yuko upande wa yule."

"Msikilize dada yako."

"Utarudi lini?"

"Jioni."

"Jioni huja yule."

"Basi mpokee vizuri. Mvutie kiti, maana atakuwa amesimama kutwa."

Huyo ndiye mke wangu. Mwanamke mwingine amekalia nyumba yake, na yeye anajali miguu ya huyo mwanamke. Nikamwambia nampenda. Akasema anajua, kisha akakata.

Dada alikuwa amesikia kila kitu. Macho yalimtoka pima. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akajipepea na ncha ya mtandio wake.

Jioni ile Mgeni aliporudi nilimvutia kiti, kama nilivyoagizwa. Badala ya kukaa alikishika kwa mikono yote miwili, akakitazama. Dada akamvuta jikoni wakafunga mlango. Walinong'ona kwa muda mrefu. Nilisikia Dada akisema, "Wewe! Kila siku?" Halafu nikasikia mtu anapenga kamasi. Nilijua wanakula njama, lakini sikujua zinamlenga nani.

Kesho yake mchana mke wangu akapiga tena. Safari hii alikuwa na mpango.

"Mume wangu, huyo mama unayekaa naye, nimemfikiria sana. Huoni kama anaumwa?"

"Anaumwa nini?"

"Akili. Mtu mzima na timamu anawezaje kuingia kwenye nyumba ya watu akajiita mke wa mtu?"

Niliona haya. Mimi, mwenye mwongozo unaouzwa, sikuwa nimeliona hilo.

"Mpeleke hospitali," akasema. "Umpeleke wewe mwenyewe, maana peke yake hatakwenda."

"Akikataa?"

"Mwombe vizuri. Hatakataa."

Hakukataa. Nilipomweleza jioni, kwa maneno laini ili asishtuke, aliweka kikombe mezani.

"Hospitali gani?"

"Ya akili, mama. Usiogope. Siku hizi hata watu wenye heshima zao wanakwenda."

"Utaingia na mimi mpaka ndani?"

"Nitaingia."

"Hutaniacha huko?"

"Sina tabia ya kutelekeza wageni."

Akaitikia kwa kichwa. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, na mimi nikajisikia vibaya, nikidhani nimemtisha.

Tukaenda watatu. Hospitali yenyewe ina korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, na mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya waliotutangulia. Mhudumu wa mapokezi akainua uso.

"Mgonjwa ni nani?"

"Huyu," nikasema, nikimwonyesha Mgeni.

"Huyu," Dada akasema, akinionyesha mimi.

Mhudumu akatutazama kwa zamu. Nadhani si mara yake ya kwanza.

"Andika wote wawili," Mgeni akasema. "Tumekuja pamoja."

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Tulipoingia alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mgonjwa wangu ni mama huyu. Kwa muda sasa anaishi kwangu akiamini yeye ni mke wangu. Ni mtu mstaarabu sana, naomba asidungwe sindano ovyo."

Daktari akamgeukia Mgeni.

"Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wake."

"Umeona?" nikamwambia daktari.

Daktari akaandika kidogo, akaiweka kalamu.

"Mwalimu, hunikumbuki. Ulinifundisha ile riwaya ya karani wa mizani. Ukatupa swali tujadili ugonjwa wa akili kama ishara."

"Swali zuri. Ulijibuje?"

"Niliandika kwamba karani anaumwa."

"Tu?"

"Tu. Ukaniandikia kwa wino mwekundu: Jibu finyu, soma zaidi."

"Ukasoma?"

"Nilisoma mpaka nikawa daktari, Mwalimu, na bado naona anaumwa."

Nikacheka. Mwanafunzi mkaidi hupendeza akishapata kazi. Hata Dada alicheka, akaziba mdomo.

"Upo ugonjwa wa namna hiyo," daktari akasema. "Si kila mara unatoka kusikojulikana. Mwingine huupata baada ya kichwa kuumia, mwingine baada ya homa kali. Macho yanauona uso wa mtu anayempenda, yanautambua vizuri. Lakini ile hisia inayopaswa kuja na uso huo haiji. Basi akili inahangaika kutafuta sababu, na sababu inayoiona ni moja: huyu siye."

"Maelezo mazuri. Ungeyaandika hivyo ningekupa alama."

"Na huyo mtu akisikika bila kuonekana, kwa mfano kwenye simu, wakati mwingine ile hisia inakuja yenyewe."

Mgeni alikuwa anatazama sakafu. Dada alikuwa anamtazama Mgeni.

"Nikuulize jambo la fasihi," daktari akasema. "Kwenye mwongozo umeandika kwamba mke wa karani si mtu, ni nchi."

"Ndivyo."

"Sawa. Sasa huyo mama, nchi ikishatoka kazini, inarudi kulala wapi? Nani anampa pole? Mumewe akimwita mwongo mbele ya majirani, yeye anafanya nini?"

"Riwaya haisemi."

"Kwa nini haisemi?"

"Kwa sababu anayesimulia ni karani. Msimulizi hawezi kutueleza asichokiona."

Nililisema kama ninavyolisema darasani, kwa sauti ile ile, nikanyamaza kidogo ili waandike. Hakuna aliyeandika.

"Basi mimi nitaeleza," Mgeni akasema.

Alisimama. Mkoba ulikuwa begani, na aliishika kamba yake kama mtu anayetaka kuikata.

"Najifungia stoo," akasema. "Kila mchana. Natoka kwa wateja, nawaambia nakuja, najifungia stoo katikati ya mafremu ya miwani, namnong'oneza mume wangu kwenye simu kama hawara. Ananiambia ananipenda. Nafurahi mpaka naona haya! Mwanamke mzima, nimekaa juu ya boksi, nacheka peke yangu. Halafu jioni narudi, natia ufunguo mlangoni, na mtu yule yule aliyeniambia ananipenda anasimama ananiambia, karibu mama, pole na kazi. Ananivutia kiti! Maisha yetu yote hajawahi kunivutia kiti, sasa anamvutia mgeni!"

"Nilikuwa nimeagizwa," nikasema.

"Nyamaza! Nilikuagiza mimi!"

Dada akaanza kulia.

"Analala kwenye kochi kulinda ndoa yangu," Mgeni akaendelea, na sasa alikuwa anamwambia daktari huku kidole kikinielekea mimi. "Shingo imepinda, hata kugeuka hawezi, na anaona fahari! Nikimwambia njoo ulale kitandani ananiambia hawezi kumfanyia mkewe hivyo. Mimi nimlaumu vipi? Mume mwaminifu kama huyu nimtoe wapi? Namwonea wivu mwanamke wa kwenye simu, daktari. Namwonea wivu usiku na mchana, na ni mimi. Mwenyewe ni mimi!"

Wasomaji wangu, nawaambia kilichotokea bila kutia chumvi.

Nilikuwa nimetazama kabati la daktari wakati anasema hayo, kwa sababu si adabu kumkodolea macho mwanamke anayelia. Na nikiwa nimetazama kabati, nilimsikia mke wangu. Mdomo ule ule. Namna anavyopanda na sauti, namna anavyorudia neno la mwisho ili likuingie vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke safari, mke wangu alikuwa kwenye chumba kimoja na mimi, ananigombeza, na mwili wangu wote ulifurahi.

Nikageuka nimtazame. Palikuwa na Mgeni.

Sijui kama aliona usoni mwangu jinsi furaha ilivyokatika. Nadhani aliona, kwa sababu alinyamaza hapo hapo, kama mtu aliyezabwa kofi.

"Basi," akasema, taratibu kabisa. "Sipigi simu tena. Sitaki kugawana mume na mimi mwenyewe. Huyo wa kwenye simu mhesabuni amekufa."

Akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nikakaa. Nilikuwa nimekuja kumtibu mtu, na mtu huyo amemuua mke wangu mbele ya daktari.

"Umesikia alichosema?" nikauliza.

"Nimesikia," daktari akasema.

"Utachukua hatua gani?"

Daktari akafungua droo, akatoa vidonge vyeupe kwenye bahasha ndogo, akaweka kimoja kwenye kiganja changu.

"Hivi tutaanza navyo, pamoja na vipimo vya kichwa. Havifanyi kazi siku moja, Mwalimu, na sikuahidi muujiza. Lakini vikifanya kazi utabaki na mke mmoja."

"Yupi?"

Akanitazama.

"Nimeuliza yupi atabaki," nikasema. "Kwenye simu ninaye mke wangu. Nyumbani ninaye Mgeni. Umesema atabaki mmoja. Mwingine anakwenda wapi?"

"Mwalimu, ni huyo huyo mmoja."

"Hilo ni jibu la fasihi. Nataka la udaktari."

Binti yule, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, alikuna shavu.

"La udaktari ni kwamba sijui utajisikiaje siku hiyo," akasema.

Nikakitazama kidonge. Kilikuwa kidogo sana kwa kazi kinayopewa. Kikimwondoa wa kwenye simu, nitakuwa nimemmeza mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Na kikimwondoa Mgeni? Hapa naomba mnivumilie, hasa mke wangu kama anasoma. Nilimwogopea Mgeni pia. Nilifikiria mlango usioguswa na ufunguo jioni, na jikoni pasipo na mtu. Nilikuwa nimemzoea. Sikutaka apotee hata mmoja, na nilikuwa na hofu kama sijawahi kuwa nayo maishani, hata nilipolazwa.

"Dada," nikasema, "nifanye nini?"

Dada alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Nami nikasikia. Nje ya mlango, kwenye korido, mke wangu alikuwa analia.

Nasema mke wangu, na nimechagua neno. Kilio chake nakijua. Huanza kwa kukizuia, kinamshinda, halafu anakikasirikia. Nilisimama. Daktari aliinua mkono kumzuia Dada asinifuate. Mlango ule ni wa mbao nzito, hauna kioo, na nilipofika nikaweka shavu juu yake.

"Ni wewe?" nikauliza.

Kilio kikakatika.

"Ni mimi."

"Umefika saa ngapi?"

"Nilikuwepo muda wote."

"Kuna mtu mwingine hapo nje?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

"Usiondoke."

"Nimechoka," akasema. Sauti ilitoka karibu kabisa, upande wa pili wa shavu langu. "Nimechoka kuongea na wewe nikiwa nimejificha. Fungua mlango."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nikifungua utaondoka. Kila nikikufungulia nakuta yule."

Nilisikia anaegemea. Ubao ulilia kidogo. Nyuma yangu Dada alikuwa ananong'ona maneno ambayo sikuyashika, na daktari hakuwa anaandika chochote. Sijawahi kuomba kitu darasani, kanisani wala msikitini kwa moyo niliouombea ule ubao ubaki hivyo hivyo kati yetu, ili mke wangu asinipotee.

"Unaniogopa?" akauliza.

"Sikuogopi wewe. Naogopa nitakachokiona."

"Basi fumba macho."

"Nini?"

"Fumba macho, halafu ufungue. Si umesema unaogopa kuona? Usione."

Nimefundisha kwa muda mrefu na sikuwahi kufikiria hilo. Nikafumba. Nikapapasa kitasa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kidonge, nikakizungusha. Hewa ya korido ikanijia usoni, hewa ya dawa ya kusafishia sakafu, na ndani yake harufu ya sabuni anayoogea mke wangu.

Mkono ukanishika. Ulikuwa na baridi, na vidole vyake vilikuwa na sugu ndogo pale anaposhikia bisibisi ya miwani. Nikaupeleka shavuni kwangu. Ulikuwa mkono wake. Nikamwambia ni mkono wake, nikalia mbele ya dada yangu na mbele ya mwanafunzi wangu bila aibu yoyote, na yeye akasogea mpaka paji la uso wake likagusa langu, na nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nimemshika mke wangu.

Tulikaa hivyo. Ingekuwa juu yangu tungekuwa bado tumesimama hapo.

Halafu akashusha pumzi.

"Sasa fumbua," akasema.